Sura ya Saba: Slesi, Jibini Laini na Tunda Lililopita Motoni

Sqirl, mkahawa mdogo wa Virgil Avenue jijini Los Angeles, ulianza kama biashara ya kupika jamu. Mwenyewe, Jessica Koslow, aliufungulia walaji mwaka 2012, na kilichoupa jina hakikuwa nyama wala samaki. Kilikuwa tosti: slesi nene ya brioshi, ule mkate wa mayai na siagi, imechomwa hadi kingo zikaanza kuwa nyeusi, imepakwa rikota bila ubahili, na juu yake jamu ya tunda la msimu. Watu walipanga foleni barabarani kwa ajili ya mkate, jibini na tunda.

Kaskazini ya hapo, San Francisco, maneno yalikuwa mengi zaidi. Giulietta Carrelli alikuwa akiuza tosti ya mdalasini katika duka lake dogo la kahawa, Trouble Coffee, tangu mwaka 2007, na wenyeji waliinunua bila makelele. Lakini mwaka 2013, mkahawa wa The Mill ulipoanza kuuza slesi moja kwa dola 4, jiji likapata cha kubishania. Waliokuwa wakilalamikia kodi ya nyumba na matajiri wapya wa kompyuta waliona kwenye sahani ile ushahidi wote waliouhitaji. Dola 4 kwa mkate uliochomwa!

Kelele zile zilisahau jambo moja. Tosti ya jibini laini na tunda la kuchoma, hata ikipambwa vipi, imetokana na mikono ya watu wasiokuwa na ruhusa ya kutupa chakula. Mkate wa jana uliokwisha kukakamaa, maji yanayobaki jibini likishatolewa kwenye sufuria, tunda lililoiva mno hata halifai tena kupelekwa sokoni: kila kimoja kilipelekwa motoni ili kiokolewe. Na moto uliviokoa vyote kwa kazi ileile, yaani kuyaondoa au kuyatawala maji. Anayetaka kuitengeneza vizuri nyumbani hana haja ya kukariri vipimo vingi. Ajue tu maji yako wapi, na yanakwenda wapi.

Jamu ya Sqirl yenyewe ni mfano mzuri. Sifa yake ilikuwa uchache wa sukari. Jamu ya kawaida hubeba sukari nyingi, na sukari hiyo huyashika maji ya tunda barabara, ukungu ukakosa unyevu wa kuotea. Ukipunguza sukari, ladha ya tunda inang'aa, lakini maji nayo yanabaki huru. Mwezi Julai 2020 picha za ndoo ya jamu iliyofunikwa na ukungu zilienea mitandaoni, na Koslow alikiri hadharani kwamba ukungu ulikuwa ukiota juu ya baadhi ya jamu zao, nao walikuwa wakiukwangua pamoja na sehemu iliyo chini yake. Tunda la kuchoma halina shida hiyo. Linapikwa leo, linaliwa leo au kesho, na sukari inayotiwa ni ya kuonja tu, si ya kuhifadhi.

Rikota ni ya zamani kuliko mabishano yote hayo. Katika nyanda za Lazio zinazouzunguka mji wa Roma, na huko Sisilia, mchungaji wa kondoo aligandisha maziwa kwanza ili apate jibini gumu la kuuza na kuweka akiba. Lita 10 za maziwa ya ng'ombe hutoa takriban kilo 1 tu ya jibini gumu. Maziwa ya kondoo ni mazito, hutoa zaidi. Kinachobaki ni maji mengi yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, ambayo mtu mwenye haraka angewamwagia nguruwe. Wengi walifanya hivyo, na nguruwe walinenepa.

Lakini maji yale si maji matupu. Kiasi cha asilimia 20 ya protini za maziwa hazikamatwi na kimeng'enya kinachogandisha jibini. Hubaki zimeyeyuka humo. Ukiyarudisha maji hayo motoni hadi kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi, protini hizo hufumuka, hushikana, kisha huelea juu kama wingu jeupe. Mchungaji huliopoa kwa upawa wenye matundu na kulitia katika kikapu lichuje. Hiyo ndiyo rikota, na michoro ya karne ya 14 katika nakala za Tacuinum Sanitatis, kitabu cha afya kilichotokana na maandishi ya tabibu wa Baghdad, Ibn Butlan, inamwonyesha mpishi akiwa kazini juu ya sufuria yake. Sisilia wachungaji huila ingali ya moto, ndani ya bakuli, pamoja na maji yake na vipande vya mkate mkavu vilivyolowekwa humo. Ukilitazama bakuli hilo, utaona kuwa tosti ya Los Angeles ilikuwa imekwisha kukamilika theluthi mbili kabla Los Angeles haijajengwa.

Tangu mwaka 2005 Umoja wa Ulaya unalilinda jina la Ricotta Romana: lazima itokane na maji ya jibini la maziwa ya kondoo wa mkoa wa Lazio. Kwetu ladha iliyo karibu nayo inapatikana kwa bahati. Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kuna kiwanda cha maziwa kilichoinuliwa kwa msaada wa shirika la Kiitalia la CEFA, na jibini za mtindo wa Kiitalia zinatoka huko hadi Dar es Salaam. Asiyezifikia atengeneze yake, kwa sababu kazi yenyewe ni ya nusu saa.

Chukua lita 2 za maziwa freshi yasiyopunguzwa mafuta, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, pasha moto wa wastani huku ukikoroga chini yasishike. Yanapokaribia kuchemka, pale mvuke unapotoka kwa wingi na vipovu vidogo kuzunguka kingo za sufuria, ipua. Mimina vijiko 4 vya chakula vya maji ya limau au siki nyeupe, koroga mara mbili au tatu, kisha uache kabisa kukoroga. Huu ndio wakati ambao wengi huharibu. Mkono unawasha kutaka kukoroga, nao ukiendelea, mabonge yanavunjika kuwa punje kavu kama mchanga. Subiri dakika 10, mimina kwenye kitambaa safi kilichotandikwa ndani ya chujio, na uache lichuje. Dakika 15 zinatosha kwa jibini la kupaka. Saa nzima litakuwa la kukata kwa kisu.

Mjuzi wa Roma atakwambia hiyo siyo rikota, kwa kuwa imetokana na maziwa yenyewe badala ya maji yaliyobaki. Ana haki. Mpe slesi moja, atanyamaza. La muhimu zaidi ni kuyaepuka maziwa ya boksi yanayokaa miezi nje ya friji: yamekwisha kupikwa kwa joto kali mno, na mabonge yake huwa machache na dhaifu.

Jibini likishachuja, lipige. Mwiko na bakuli vinatosha, ingawa blenda hufanya kazi safi zaidi. Kijiko kimoja au viwili vya krimu, au vya maji yake yenyewe, hulifanya lipakike kama siagi laini. Wengi hukosea kwa kulichuja kupita kiasi halafu kushangaa kwa nini linakwaruza ulimini.

Je, jibini la krimu, lile la kwenye vibweta vya fedha? Hilo ni la Kimarekani, na si la kale. Mwaka 1872 mfuga ng'ombe William Lawrence wa Chester, katika jimbo la New York, aliongeza krimu kwenye jibini la mtindo wa Neufchâtel la Ufaransa na kupata kitu kizito zaidi. Jina Philadelphia lilibandikwa mwaka 1880 na mfanyabiashara Alvah Reynolds, kwa sababu mji huo ulisifika kwa maziwa mazuri. Jibini lenyewe lilitoka New York. Sheria za Marekani zinataka liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 33 na unyevu usiozidi asilimia 55, wakati rikota hubeba unyevu wa asilimia 70 na zaidi. Kwa keki halina mpinzani. Juu ya tosti yenye tunda la kuchoma, hata hivyo, linapiga kelele: mafuta yake na uchachu wake vinalimeza tunda. Rikota ni mpole, humwachia mgeni nafasi ya kuzungumza.

Iko njia ya tatu, na kwa Mswahili huenda ndiyo rahisi kuliko zote. Mtindi mzito usio na sukari, uliotiwa chumvi kidogo, ufungwe kwenye kitambaa na kuning'inizwa usiku kucha ndani ya friji juu ya bakuli. Asubuhi utakuta jibini la kupaka, chachu kiasi, laini kabisa. Mwenye ndugu Maskati ameshaiona mezani wakati wa staftahi, imetandazwa kwenye sahani na kumwagiwa mafuta ya zeituni. Waarabu huiita labneh. Uchachu wake unapatana hasa na matunda matamu sana kama ndizi na embe.

Tukija kwenye tunda, tini ndiyo yenye haki ya kutangulia, kwani ni jamaa wa jibini tangu zamani. Utomvu mweupe wa mtini una kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na Aristotle alikwisha kuandika habari zake karne ya 4 kabla ya Kristo. Wachungaji wa Bahari ya Kati waliutumia pale ambapo tumbo la ndama au la mwanakondoo, lenye kimeng'enya kama hicho, halikupatikana.

Habari hii inatuhusu zaidi kuliko inavyoonekana. Papai na nanasi vina vimeng'enya vya namna hiyohiyo, tena vikali. Nanasi bichi likikaa juu ya jibini laini kwa muda mfupi tu, protini za maziwa zinaanza kukatwakatwa, jibini linakuwa la majimaji na uchungu unajitokeza. Aliyewahi kuchanganya nanasi na maziwa kwenye blenda, akaliacha jagi mezani, anaujua uchungu huo. Moto huviua vimeng'enya hivyo. Nanasi lililochomwa vizuri hukaa juu ya rikota kwa amani. Kwa nanasi, basi, kuchoma si pambo. Bila kuchoma, mapishi haya hayawezekani.

Kazi ya pili ya moto ni kukausha. Stroberi ni maji kwa takriban asilimia 91, plamu 87, nanasi 86, zabibu mbichi 81. Katika oveni yenye nyuzi 200, sehemu kubwa ya maji hayo hupaa, na utamu na uchachu uliobaki hujikusanya. Stroberi za Limuru zilizovunwa mapema, zile nyekundu kwa nje na zisizo na ladha yoyote, hupata nafuu kubwa hapo. Kwenye kingo za trei, mahali ambapo maji ya tunda yamesambaa na kukauka, utaona weusi wa dhahabu: sukari ya matunda huanza kuungua kwa joto la nyuzi 110 hivi, chini sana kuliko sukari ya mezani inayongoja karibu 160. Usiuoshe weusi huo. Tia kijiko kimoja cha maji ya moto, ukwangue, uunyunyize juu ya tosti.

Zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, pengine ndizo nzuri kuliko zote kwa kazi hii, na ni ajabu kwamba nyingi huishia kwenye mvinyo au huliwa mbichi tu. Zitandaze kwenye trei zikiwa kwenye vikonyo vyake, nyunyiza mafuta kidogo ya zeituni na chumvi, choma dakika 20 hadi 25, mpaka ngozi zianze kupasuka. Zenye mbegu zipasue kwanza uzitoe. Plamu za Lushoto zikatwe katikati, kokwa zitolewe, zilazwe uso juu, kijiko cha asali kigawanywe kwenye mashimo. Stroberi zinataka dakika 20 tu. Nanasi la Kiwangwa, ambalo hapo Bagamoyo huuzwa barabarani kwa mafungu, likatwe vipande vya unene wa kidole, nalo litachukua zaidi ya nusu saa kuligeuza na kulingoja.

Sharti ni moja kwa yote: yasipandane. Matunda yaliyorundikwa hupikana kwa mvuke wake yenyewe na kutoka yakiwa mchuzi. Trei moja iliyojaa ni bora iwe trei mbili.

Asiye na oveni hajakosa kitu. Nanasi na ndizi mbivu juu ya wavu wa jiko la mkaa, makaa yakiwa yameshavaa majivu, hupata moshi ambao oveni ya umeme haitaujua. Zabibu na plamu zinafaa kwenye kikaango kizito bila mafuta mengi, moto mkali, bila kufunikwa. Mfuniko hurudisha maji, na maji ndiyo tunayafukuza.

Mkate sasa. Mwaka 1912 tabibu na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alipasha sukari pamoja na viini vya protini, akaona mchanganyiko ukigeuka rangi ya kahawia. Hakuwa akifikiria mkate, alikuwa akitafuta namna protini zinavyojengeka mwilini. Hatua za mabadiliko hayo zilipangwa kwa utaratibu mwaka 1953 na John Hodge, mkemia Mmarekani mweusi aliyefanya kazi katika maabara ya serikali huko Peoria, Illinois. Mabadiliko hayo ndiyo yanayoipa tosti harufu yake, kama yanavyoipa kahawa na nyama choma. Yanahitaji joto la kupita nyuzi 140 hivi ili yaende kwa kasi, na sehemu yenye maji haiwezi kupita nyuzi 100 mpaka maji yaishe. Ndiyo maana mkate wa leo asubuhi, wenye unyevu mwingi, hukawia kubadilika rangi, na mkate wa jana hushika haraka ukabaki laini katikati.

Mkate wa jana ukae kabatini, si kwenye friji. Ubaridi wa friji huharakisha wanga kujipanga upya na kukakamaa. Kama hutaumaliza kesho, ukate slesi na uugandishe kabisa kwenye friza. Slesi huingia kwenye moto bila hata kuyeyushwa.

Mashine ya kurusha tosti yenyewe haina haja ya maelezo marefu. Charles Strite, mfanyakazi wa kiwanda huko Minnesota, alichoshwa na tosti zilizoungua katika kantini yao, akapata hataza ya mashine inayojizima mwaka 1921. Kwa mapishi haya mashine hiyo ina kasoro: matundu yake ni membamba, na slesi tunayoitaka ni ya sentimita 2. Kikaango chenye siagi kidogo, au wavu wa oveni, ni bora. Siagi ina kazi nyingine pia, kwani mafuta hayo huziba vitundu vya mkate na kuchelewesha unyevu wa jibini kupenya.

Mkate wa slesi laini uliofungwa kwenye nailoni haufai. Umejaa hewa, na ukipakwa rikota hunywea kabla hujaketi. Boflo la Unguja lililopasuliwa kwa urefu linafaa sana, na mkate wowote wa chachu wenye ganda gumu pia. Rangi iwe ya dhahabu. Watafiti wa Sweden waligundua mwaka 2002 kuwa vyakula vya wanga vinavyokaangwa au kuchomwa kwa joto kali hujenga akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwahimiza wananchi kuishia kwenye rangi hiyohiyo ya dhahabu. Uchungu wa mkate ulioungua ungeliharibu tunda hata kama daktari angenyamaza.

Kupanga ni suala la muda. Tunda litangulie, kwa kuwa linaweza kungoja. Linapendeza likiwa vuguvugu. Jibini litolewe kwenye friji nusu saa kabla, maana ubaridi huficha ladha yake, na jibini baridi juu ya tosti ya moto hutoa jasho. Mkate uje mwisho kabisa. Paka jibini kwa unene wa nusu kidole, ulifinye kidogo katikati kwa mgongo wa kijiko ili mchuzi wa tunda upate pa kukaa, panga tunda, kisha chumvi ya punje na pilipili manga iliyosagwa papo hapo. Zabibu zinapenda majani ya rozmari, plamu zinapenda iliki, nanasi linapenda pilipili mbuzi iliyokatwa nyembamba sana. Asali iwe ya kudondoshea, tena kama tunda ni chachu tu. Walaji waitwe kabla mkate haujatoka motoni, kwa sababu baada ya dakika 5 ganda limeanza kulegea.

Maji yaliyochujika kutoka kwenye zile lita 2 za maziwa, ambayo yatapita lita moja, usiyamwage. Yakae kwenye chupa ndani ya friji siku mbili tatu, na uyakandie unga wa chapati au wa mkate ujao, ukipunguza chumvi kidogo kwa kuwa yenyewe yanayo.